Kuchomelea na kuandika plastiki kwa leza: kwa nini kifuniko kinaungua na msimbo hausomeki

Swali: "Tunatengeneza visanduku vidogo vya vihisi vya kuwekwa nje, penye mvua. Plastiki ni nailoni 6 yenye nyuzi za kioo asilimia 30. Sanduku ni jeusi. Kifuniko hakikutiwa rangi, ni cheupe kama maziwa, unene wake milimita 2. Tunayo leza ya faiba ya kuandikia, wati 30, urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita (nm) 1064. Tumeacha gundi na sasa tunachomelea kifuniko kwa mashine hiyo, halafu tunaandika namba na msimbo wa Data Matrix (mraba wa vijisanduku unaosomwa na kamera) juu yake. Kuna mahali kinaungua vidoa vya kahawia, kuna mahali hakishiki kabisa, na maji yanapenya. Msimbo nao hausomeki. Sasa mteja anataka kifuniko kiwe cheusi kama sanduku. Je, mashine yetu ni dhaifu? Tununue ya wati 100?"

Jibu: Kama hiyo ya wati 100 ni ya aina hii hii mliyo nayo, msiinunue. Itaunguza haraka zaidi na maji yataendelea kuingia. Shida yenu ya kwanza ni namna mashine inavyoutoa mwanga wake, wala si wingi wa wati. Shida ya pili ni kubwa kuliko hiyo: mnataka kifuniko kiupitishe mwanga wa nm 1064 ili mchomelee, kisha mnataka kifuniko hicho hicho kiuzuie mwanga huo huo ili mwandike. Plastiki moja haiwezi kuwatii kwa mambo mawili yanayopingana. Mkishaamua mwanga ugote wapi, mengine yote yatapangika, kuanzia rangi ya kifuniko hadi mahali pa msimbo.

Njia mnayoitumia inahitaji kipande cha juu kipitishe mwanga na cha chini kiunyonye. Mwale unapenya kifuniko, unafika kwenye sanduku, na hapo masizi ya kaboni yaliyochanganywa kwenye plastiki nyeusi yanaugeuza kuwa joto, ndani ya tabaka jembamba sana la juu. Plastiki ya sanduku inayeyuka. Joto hilo linahamia kwenye kifuniko kilichobanwa juu yake, upande wa chini wa kifuniko nao unayeyuka, molekuli za pande mbili zinaingiliana, vinapoa vikiwa kitu kimoja. Ni kama jua linavyopita kioo cha dirisha likaunguza kitambaa cheusi kilicho ndani, kioo chenyewe kikabaki baridi. Zingatia kwamba kifuniko hakiyeyushwi na leza moja kwa moja. Kinayeyushwa na sanduku. Pasipo kugusana hakuna joto linalovuka, hata ungekuwa na wati 1000.

Sasa tuiangalie mashine yenu. Leza ya kuandikia hutoa mapigo mafupi mno. Chukua wati 30 zikitoka kwa mapigo 30,000 kila sekunde: kila pigo linabeba milijuli 1. Pigo likidumu nanosekunde 100, nguvu yake kwa muda huo mfupi ni kilowati 10, tena imekusanywa kwenye nukta yenye upana wa sehemu chache za mia za milimita. Ndiyo maana inaandika vizuri: plastiki inachemka pale pale kabla joto halijasambaa. Kwa kuchomelea tunataka kinyume chake. Plastiki inapitisha joto polepole sana. Ndani ya nanosekunde 100 joto linasogea chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Ili lisogee kama sehemu ya kumi ya milimita, kiasi cha kuyeyusha pande zote mbili za mshono, linahitaji milisekunde kadhaa hadi makumi. Kwa hiyo mapigo yenu yanaunguza ngozi ya sanduku ilhali kifuniko kilicho juu yake hakijapata habari. Vile vidoa vya kahawia ndivyo hivyo.

Kuchomelea kunataka leza ya mfululizo, isiyokatika, yenye nukta pana. Nyingi zinazotumika kazi hii ni leza za dayodi za nm 808, 940 au 980, au leza ya faiba ya mfululizo karibu na nm 1064 hadi 1070. Tuseme nukta ina upana wa milimita 2 na inatembea milimita 50 kwa sekunde. Kila sehemu ya mshono inakaa chini ya mwanga kwa milisekunde 40, na kwa muda huo joto linasogea kama milimita 0.1 na kitu. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii. Kwa wati 40 kwa mwendo huo unatoa juli 0.8 kwa kila milimita ya mshono. Kama kifuniko kinapitisha asilimia 40, zinazofika kwenye sanduku ni juli 0.32. Fanyeni hesabu hii kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Mshono wenye mzunguko wa milimita 160 unahitaji jumla ya juli 128, na leza ya mfululizo ya wati 60 inazitoa kwa sekunde mbili na kidogo. Ongezeni kiasi kwa joto linalotorokea kwenye kuta, na bado mtakuwa mbali na mashine kubwa.

Kuna leza za mapigo zinazoweza kupandishwa hadi mapigo mamia ya maelfu kwa sekunde, na wapo wanaozitumia kuchomelea vitu vidogo baada ya kuitoa nukta kwenye fokasi (mahali mwale unapokusanyika zaidi) ili ipanuke. Kwa majaribio ya mezani inakubalika. Kwa bidhaa inayokaa mvuani miaka, mimi singeitegemea.

Hapo nimesema kifuniko kikipitisha asilimia 40. Je, chenu kinapitisha ngapi? Swali hili ndilo ambalo wengi hawaliulizi, na ndilo ambalo ningelianza nalo kiwandani kwenu. Nailoni ni plastiki yenye fuwele, na fuwele zinatawanya mwanga. Ndiyo maana kifuniko kinaonekana cha maziwa badala ya kuwa angavu kama polikabonati au akriliki. Nyuzi za kioo zinautawanya zaidi. Mwanga uliotawanyika unaingia ukiwa nukta ndogo na kutoka ukiwa doa pana, kwa hiyo upana mnaouona juu ya kifuniko si upana unaofika kwenye mshono. Upitishaji pia unabadilika kutokana na hali ya kalibu: kalibu yenye joto inaipa nailoni nafasi ya kujenga fuwele zaidi, na karibu na mlango wa kuingizia plastiki nyuzi zinajipanga tofauti na mbali nao. Kifuniko kimoja kinaweza kupitisha sana upande mmoja na kidogo upande mwingine. Mkiweka leza kwa ajili ya upande unaopitisha kidogo, upande unaopitisha sana unaungua. Mkiweka kwa ajili ya upande unaopitisha sana, ule mwingine haushiki. Haya yanafanana kabisa na mlichokieleza.

Pimeni. Chukueni kipima nguvu cha leza, washeni mwale hafifu, someni wati bila kifuniko, kisha wekeni kifuniko karibu kabisa na uso wa kipima ili mwanga uliotawanyika nao unaswe, someni tena. Gawanyeni. Rudieni kwenye pembe nne na katikati ya kila upande. Chini ya asilimia 15 au 20 kazi inakuwa ngumu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga inarudi nyuma au inabaki ndani ya kifuniko na kukipasha joto juu. Tofauti kati ya pembe na pembe ni mbaya kuliko upitishaji mdogo ulio sawa kote. Mdogo unaufidia kwa kuongeza nguvu, tofauti huwezi. Dawa ya haraka ni kupunguza unene wa kifuniko pale tu mshono unapopita, kutoka milimita 2 hadi 1.5 au hata 1.2. Ni badiliko dogo kwenye kalibu, na faida yake mtaiona siku hiyo hiyo.

Upande wa sanduku, ulizeni aliyewauzia plastiki ana masizi kiasi gani ndani. Kwa kuchomelea, kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ni kiasi kizuri. Plastiki za kutumika juani mara nyingi huwa na masizi mengi zaidi ya hapo ili yazikinge na jua, na masizi yakizidi mwanga wote unagota kwenye utando wa juu kabisa: unaungua kabla ya chini yake kuyeyuka. Nailoni 6 inayeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi na huanza kuharibika ikipita 300. Hiyo ndiyo nafasi mliyo nayo. Si finyu, lakini utando mwembamba unaivuka upesi.

Kugusana sasa. Nailoni yenye nyuzi za kioo inajikunja inapopoa, kwa sababu inasinyaa kidogo kufuata uelekeo wa nyuzi na zaidi kuukata. Kuta za sanduku huvutika kwa ndani katikati ya upande mrefu, na ukingo unapanda pembeni. Wekeni kifuniko juu ya sanduku bila kukibana, pitisheni fila geji (ukanda mwembamba wa chuma wa kupimia mapengo) ya milimita 0.05 kuzunguka ukingo. Panapoingia bila kusukumwa, andikeni alama kwa penseli, halafu linganisheni na mahali maji yanapopenya. Nitashangaa kama havilingani. Mwale unaozunguka mara moja tu unayeyusha sehemu moja huku nyingine zote zikiwa bado ngumu, kwa hiyo hauwezi kulifunga pengo. Penye zaidi ya milimita 0.1 hauna tumaini. Kubana kwa nguvu kunasaidia, mradi jigi, yaani kifaa cha kushikilia na kubana vipande, ibane sawasawa mstari wote wa mshono na si katikati ya kifuniko, maana ukikibana katikati kingo zinanyanyuka.

Kwa bidhaa yenu ningependekeza njia nyingine ya kuuzungusha mwale. Badala ya mzunguko mmoja wa polepole, vioo vya skana vinauzungusha kwa mita kadhaa kwa sekunde, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mshono mzima unayeyuka kwa pamoja. Sanduku linatengenezewa ukingo mdogo uliochomoza wa kuyeyuka, na jigi inakishusha kifuniko milimita 0.2 hadi 0.3 ndani ya plastiki iliyolainika. Mapengo yanajifunga yenyewe. Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba ule mshuko unapimika: kihisi cha umbali kinaangalia kifuniko kikishuka, na mashine inazima leza kikifika kina kilichopangwa. Kisanduku ambacho hakikushuka ipasavyo unakijua hapo hapo, bila kusubiri mvua ikuambie.

Unyevu msiusahau, kwa kuwa mnatumia nailoni. Nailoni 6 hunywa maji kutoka hewani hadi asilimia mbili na zaidi ya uzito wake katika hewa ya kawaida, na ikiloweshwa muda mrefu inanywa zaidi ya hapo mara kadhaa. Maji hayo yanageuka mvuke ndani ya mshono na kuacha viputo. Vifuniko vilivyokaa kwenye kreti wiki nzima si vile vile vilivyotoka kwenye kalibu jana. Chomeleeni vingali vipya, au vitieni kwenye mifuko iliyofungwa, au vikausheni kwa saa kadhaa kwenye nyuzi joto 80.

Kabla ya kubadilisha chochote, vunjeni visanduku vichache na mviangalie. Hii ndiyo shule ya bei rahisi kuliko zote. Bandueni kifuniko kwa bisibisi taratibu, mkiangalia uso uliobanduka. Mahali palipochomelewa vizuri pamechanika: plastiki nyeusi imeng'oka na kubaki kwenye kifuniko, uso una mikwaruzo ya nyuzi za kioo zilizovutwa, ukipitisha kidole unasikia ukakasi. Mahali ambapo sanduku liliyeyuka lakini kifuniko hakikuguswa, sanduku lina ngozi laini inayong'aa kama iliyolowa, na kifuniko upande wake ni safi, kina mistari ile ile ya kalibu. Hapo tatizo ni pengo, usiongeze nguvu. Penye vitundu vya mviringo, visafi, vyeupe ndani, fikirieni unyevu. Penye vitundu vyenye kingo za kahawia, joto lilizidi. Kisha kateni kisanduku kingine kwa msumeno mwembamba kuuvuka mshono, kisugueni kwa msasa hadi namba 1200, kiwekeni chini ya hadubini yenye kukuza mara 50. Mtaona eneo lililoyeyuka likiwa na umbo la dengu. Likiwa upande wa sanduku pekee, halijavuka. Likivuka na kuingia kwenye kifuniko kwa upana unaokaribiana kote, mko vizuri.

Vidoa vya juu ya kifuniko ni jambo jingine. Doa likiwa juu, upande wa nje, chanzo kiko juu: vumbi, mafuta ya vidole, punje nyeusi iliyobaki kwenye pipa la mashine ya plastiki mlipobadilisha kutoka nyeusi kwenda isiyo na rangi, au mchirizi kwenye kioo cha jigi. Punje moja ya plastiki nyeusi ndani ya kifuniko inaunyonya mwanga wote na kulipuka kama kitundu. Safisheni pipa hadi ziishe. Hapa pana thamani kuliko kurekebisha leza.

Msitarajie mshono uwe na nguvu ya nailoni yenye nyuzi za kioo. Nyuzi haziuvuki mshono, zinabaki kila moja upande wake, kwa hiyo mshono bora kabisa unakaribia nguvu ya nailoni tupu. Kama kisanduku kitapata shinikizo la ndani, ongezeni upana wa mshono.

Tuje kwenye kifuniko cheusi, ambacho mteja anakitaka na ambacho pengine mlidhani hakiwezekani. Kinawezekana. Weusi wa macho si weusi wa leza. Masizi ya kaboni yananyonya kila kitu, lakini kuna rangi nyeusi zinazotengenezwa kwa kuchanganya rangi za kikaboni zinazonyonya mwanga unaoonekana, yaani nm 400 hadi 700 hivi, na kuuachia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, upite. Mbele ya macho yako kifuniko na sanduku ni weusi ule ule. Mbele ya leza kimoja ni dirisha na kingine ni ukuta. Mkiagiza, taja urefu wa wimbi mtakaoutumia, kwa sababu nyingine bado zinanyonya kiasi kwenye 808 ilhali kwenye 940 au 980 zinapitisha vizuri. Na pimeni upitishaji wa kila shehena inayoingia.

Hatari yake ni kwamba mfanyakazi hawezi kutofautisha kifuniko cha rangi hiyo na kifuniko kilichotiwa masizi kwa makosa. Kamera ya ulinzi inayoona usiku inaweza: nyingi zina taa za nm 850 au 940. Wekeni vifuniko mbele yake gizani. Cha masizi kitabaki cheusi ti, chenye kupitisha kitaonekana kimepauka na taa ikiwekwa nyuma yake itaonekana ikipenya. Ni ukaguzi wa sekunde chache.

Na hapa nakuomba usimamishe jambo moja leo hii. Mnaandika kwa nm 1064 juu ya kifuniko ambacho mmekichagua kwa sababu kinapitisha nm 1064. Sehemu ya mwanga inaandika kwa shida, nyingine yote inashuka ndani ya sanduku, juu ya saketi ya kihisi. Mapigo ya kilowati kadhaa yakifika kwenye kijenzi chenye ganda jeusi, yanaweza kukichoma bila nje kuonekana kitu. Kama mnapata vihisi vinavyokufa baada ya kufungwa na sababu haijulikani, fungueni mkatazame saketi moja kwa moja chini ya eneo la msimbo. Kwa kifuniko cheusi chenye kupitisha itakuwa hivyo hivyo, ila hapo mtadanganyika zaidi kwa sababu ni cheusi.

Andikeni kwenye sanduku. Ubavu wa nje wa sanduku una masizi, unanyonya mwanga, na leza yenu ya wati 30 ndipo mahali pake hasa. Alama kwenye plastiki hupatikana kwa njia kadhaa. Plastiki ya rangi nyepesi huunguzwa kidogo ikageuka kaboni, na alama inakuwa nyeusi. Polikabonati ni hodari kwa hilo. Plastiki nyeusi huchemshwa kidogo ikatoa povu la viputo vidogo mno vinavyotawanya mwanga, na alama inaonekana nyeupe au ya kijivu. Njia nyingine ni kuondoa tabaka la rangi ili la chini lionekane, kama kwenye vitufe vya gari vinavyowaka usiku. Nyenu itakuwa ya povu. Nailoni nyeusi ya kawaida hutoa kijivu kisichong'aa sana, na kosa la kwanza la kila mtu ni kuongeza nguvu akitaka weupe zaidi. Povu likipikwa kupita kiasi linapasuka na kuwa kahawia. Punguzeni nishati ya kila pigo, ongezeni idadi ya mapigo, na toeni nukta kidogo nje ya fokasi. Chorea jedwali la vijisanduku vidogo kwenye sanduku lililoharibika, nguvu zikipanda upande mmoja na kasi upande mwingine, kisha chagua kwa jicho chini ya taa ile ile itakayotumiwa na kisomaji.

Povu la alama linanyanyuka juu ya uso. Likinyanyuka sana linafutika kwa kusuguliwa. Sugua kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuridhika. Kama kijivu bado hakitoshi, kuna viongezi vinavyochanganywa kwenye plastiki, kwa mfano oksidi ya bati iliyotiwa antimoni kwenye vipande vya maika, au misombo ya bismuthi, vinavyoifanya ijibu leza vizuri. Kwenye sanduku havina madhara kwa uchomeleaji, kwa kuwa sanduku kazi yake ni kunyonya. Msiruhusu vikaingia kwenye kifuniko.

Kisomaji cha Data Matrix kinataka utofauti wa rangi na vijisanduku vyenye ukubwa sawa. Kina cha alama hakikisaidii kitu. Msimbo wenu utakuwa mweupe juu ya weusi, kinyume cha ule wa kuchapishwa kwenye karatasi, na visomaji vingine havisomi kinyume mpaka viwashiwe chaguo hilo. Angalieni hapo kwanza kabla ya kuilaumu leza. Acheni pia uwanda mtupu kuzunguka msimbo wote. Mteja akitaka daraja la ubora, kiwango kinachotumika kwa misimbo iliyoandikwa moja kwa moja juu ya kitu ni ISO/IEC 29158.

Kama mteja atang'ang'ania msimbo uwe juu ya kifuniko, kuna mlango mmoja: leza ya urujuanimno ya nm 355. Fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga, ina nishati ya elektronivolti 3.5, mara tatu ya fotoni ya nm 1064 yenye 1.17, na inakaribia nguvu inayoshikilia kaboni kwa kaboni. Plastiki nyingi zinainyonya kwenye utando wa juu kabisa, joto ni kidogo, na mwanga haushuki hadi kwenye saketi. Kifuniko cheupe chenye titani dioksidi kinapata alama ya kijivu iliyokolea chini ya nm 355, kwa sababu titani dioksidi yenyewe inabadilika rangi. Lakini titani dioksidi hiyo hiyo inatawanya mwanga wa kuchomelea na kupunguza upitishaji sana, kwa hiyo kifuniko cheupe pepe kitawaponza kwenye mshono. Na popote mtakapoandika juu ya kifuniko, kaeni mbali na njia ya mshono: alama ni kizuizi cha mwanga, na mwale ukipita juu yake unaiunguza.

Suala la macho na mapafu sitalifupisha. Mwanga wa nm 1064 hauonekani, na lenzi ya jicho inaukusanya kwenye retina sawasawa na mwanga wa kawaida. Mtu anaharibika bila hata kupepesa. Mashine ya kuandikia iliyofungwa kwenye kabati lake ni ya daraja la 1 la usalama wa leza, lililo salama kuliko yote. Siku mliyotoa mlango ili jigi ya kuchomelea iingie, imekuwa ya daraja la 4, la hatari kuliko yote, na chumba chote ni eneo la hatari. Miwani iwe imeandikwa urefu wa wimbi husika. Miwani angavu ya leza ya kaboni dioksidi, ya nm 10,600, inaupitisha mwanga wa nm 1064 kana kwamba haipo, na dirisha la akriliki angavu vile vile. Moshi unaotoka kwenye alama uvutwe karibu na chanzo na upite kwenye kichujio cha chembe na cha kaboni. Na kama siku moja mtapata kazi ya plastiki ya PVC, ikataeni kwa leza: inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma koo na kuharibu vioo vya mashine.

Mpangilio wa kazi ningeuweka hivi. Sanduku liandikwe kwanza, likiwa tupu, ubavuni, huku kifyonza moshi kikivuta vumbi mbali na ukingo wa mshono, kwa sababu vumbi la alama likitua kwenye ukingo linakuwa uchafu ndani ya mshono. Kisha saketi iwekwe, kifuniko kichomelewe kwa leza ya mfululizo, na mashine isome msimbo na kuhifadhi mshuko wa kifuniko chini ya namba hiyo. Kisha kipimo cha uvujaji: jazeni hewa ya shinikizo dogo kupitia tundu la waya kabla halijazibwa, na muangalie kama shinikizo linashuka. Kisanduku kikirudi kutoka kwa mteja baada ya miezi, mtafungua rekodi na kuona kilishuka kiasi gani siku ya kuchomelewa.

Leza ya kuandikia mliyo nayo bakini nayo. Kwa wiki hii, kabla ya kutafuta ya pili, fanyeni vitatu: upitishaji wa kifuniko kwenye sehemu nane, fila geji kuzunguka ukingo, na kisanduku kimoja kilichokatwa chini ya hadubini. Nitumieni namba hizo pamoja na urefu wa mshono, nitawaambia wati.